Kwa nini picha za sarakasi za holi zetu ni chache

Wasee, leo tuongee historia, lakini historia ya mwangaza.

Uliza mzee yeyote aliyekulia Kaloleni, Jericho ama Shauri Moyo akuonyeshe picha za ujana wake. Atakutolea za harusi, za studio, za timu ya mpira imejipanga mstari uwanjani. Sasa muulize ya mtu akipiga samasoti ndani ya social hall. Hapo ndio atakuna kichwa. Wengi husema ni juu hakuna aliyewajali wanasarakasi wa mtaa. Mimi naona hiyo ni nusu ya story. Nusu ingine ni filamu na bei ya lenzi.

Mwaka 1954 Kodak walitoa filamu ya Tri-X ya milimita 35, na kwa miaka mingi wapiga picha wa magazeti waliitegemea. Inajulikana kwa kasi ya ISO 400. Sasa iingize kwa holi yenye taa za mirija, fungua lenzi mpaka f/2.8, na unapata shata ya karibu 1/60 ya sekunde. Mtu akijirusha nyuma, 1/60 inakupea ukungu wenye miguu. Kumgandisha hewani unataka 1/500 kwenda juu. Ungeweza kuilazimisha filamu ifike 1600 kwa kuiosha muda mrefu zaidi, lakini bado ungefika 1/250 tu, na chembe zimejaa picha yote.

Na flashi? Ikimpiga mtu akiwa kichwa chini, hataona anashukia wapi. Ndio maana kwa mashindano ya jimnastiki flashi hairuhusiwi.

Mohamed Amin alizaliwa Eastleigh, 1943, na kazi yake ya njaa ya Ethiopia mwaka 1984 iliamsha dunia nzima. Kwa hivyo macho ya kupiga picha hayajawahi kukosa upande huu wa mji. Lakini hata yeye angeingia holi yenye balbu tatu, filamu ingemwekea mipaka ile ile.

Wenye pesa walikuwa na njia yao. Montreal 1976, Nadia Comaneci alipata 10 na ubao wa alama ukaandika 1.00, juu haukuwa umetengenezwa kuonyesha kumi. Kenya haikuwa huko, ilisusia pamoja na nchi zingine nyingi za Afrika. Angalia picha za Nadia: zimetulia, ziko safi. Ukumbi wa Olimpiki humulikwa kwa ajili ya televisheni, na wapiga picha huja na lenzi za bei ya gari. Holi yetu ilimulikwa ili watu wasijikwae kwa viti.

Mambo yalianza kugeuka 2007, Nikon walipotoa D3, iliyofika ISO 6400 na picha bado inatumika. Hiyo ni mara 16 ya Tri-X. Wakati huo Sarakasi Trust, iliyoanza 2001, tayari ilikuwa inalea wanasarakasi Nairobi. Leo nyumba yao, Sarakasi Dome pale Ngara, iko ndani ya iliyokuwa sinema ya Shan. D3 haikuwa ya mtu wa mtaa, lakini teknolojia hiyo imeshuka polepole mpaka kwa kamera za mtumba.

Kwa hivyo usingoje 70-200 f/2.8. Lenzi ndogo ya 50mm f/1.8 inaingiza mwangaza karibu mara 10 kuliko ile ya 18-55 inayokuja na kamera ukiivuta mpaka mwisho. Kwa kamera ya sensa ndogo, 50 hiyo inaona kama 75 ama 80, na ukikaa karibu na mkeka inatosha kabisa. Weka f/2, shata 1/640, ISO 3200. Kukiwa na giza, panda 6400. Ukiona mistari ama rangi zinabadilika kila picha, ni taa: stima yetu ni ya 50Hz, kwa hivyo taa nyingi zinapepesa mara 100 kwa sekunde. Washa kizuia mpepeso kama kamera yako inayo, na uache shata ya kimya. Kisha lenga ile sekunde amefika juu kabisa kabla aanze kushuka. Hapo mwili umepunguza mwendo, hata 1/320 inaweza kukuokoa.

Chembe zitakuwepo. Sawa tu. Wazee wetu walikosa picha juu mwangaza haukutosha. Sisi tukikosa, itakuwa ni juu tulikuwa tunangoja lenzi ya watu wa Montreal. Kuna watoto wako mazoezini holini jioni hii. Nenda uwapige, waombe ruhusa wao na kocha, andika majina na tarehe, uwapee nakala zao.