Mwamuzi Anayehesabu Makosa

Nchini Marekani, parokia kadhaa za Kikatoliki zililea vikosi vya vijana vya ngoma na tarumbeta, kama kile cha Blessed Sacrament mjini Newark. Vijana hao walipiga kwata uwanjani na kushindana. Kwa miaka mingi, katika usahihi wa upigaji na mwendo, kikosi kilianza na alama zote. Waamuzi wakapita kati ya safu, na kwa kila kosa wakakata sehemu ya kumi ya alama. Aliyepiga mapigo mepesi alikuwa salama. Aliyejaribu magumu aliwahatarisha wenzake.

Mwaka 1984 Drum Corps International, chama kilichoanza mashindano yake ya ubingwa mwaka 1972, kiliacha utaratibu huo. Waamuzi wakaanza kujenga alama kutoka chini, wakipima ugumu wa kazi pamoja na ubora wake. Kosa lilibaki kosa, ila ujasiri nao ukapata thamani.

Wapendwa, mtumwa aliyefukia talanta yake alimwona bwana wake kama mwamuzi wa kwanza. Hakupoteza kitu, wala hakuzalisha kitu. Tunapowapima vijana wetu wa kwaya, je, tunahesabu walipokosea tu, au tunaona pia walichothubutu?