Mzigo wa Babu

Machi 2020 vyuo vilipofungwa kwa sababu ya korona, nilirudi kwa bibi Handeni. Masomo yalikuja kwa simu, na mtandao ulipatikana chini ya mwembe tu. Hapo ndipo niliposoma habari za Juni 1916: jeshi la Smuts likifuata reli ya Tanga, likaichukua Korogwe, kisha likakata porini kuja Handeni. Ndorobo waliua farasi na ng'ombe, mizigo ikahamia vichwani mwa watu. Malaria na kuhara damu viliua wapagazi wengi kuliko risasi.

Nilimsomea bibi. Akaendelea kuchambua mchicha.

“Babu yangu alichukuliwa hapo Korogwe,” akasema. “Alirudi mwenzake tu, mjukuu wangu.”

Miaka yote hiyo hakuwahi kunieleza. Nami, mwanafunzi wa historia, sikuwahi kumuuliza.

Niliporudi chuoni Juni nilibadilisha mada ya tasnifu. Maofisa wana makaburi yenye majina. Babu yake bibi nimemtafuta katika orodha za wapagazi nilizoweza kuzipata. Wengine wameandikwa jina moja tu, Juma, Ali, na namba. Bibi hataki namba. Anauliza alizikwa wapi.