Hadubini katika uchoraji, upimaji na uhesabuji wa tishu

Uchoraji, upimaji na uhesabuji kwa hadubini ni kazi tatu zinazogeuza kinachoonekana kwenye lenzi kuwa kumbukumbu ambayo mtu mwingine anaweza kuikagua. Mchoro huonyesha umbo na mpangilio wa seli, kipimo hutoa ukubwa wake, na hesabu hutoa wingi wake katika eneo au ujazo unaojulikana. Mjini Bujumbura kazi hizi zina historia ya pekee kwa sababu ya Ziwa Tanganyika, ambalo viumbe wake wadogo ndio chakula cha ndagala, samaki anayelisha sehemu kubwa ya wakazi wa pwani yake.

Mwingereza J. E. S. Moore alifika ziwani katika misafara ya miaka ya 1890, akapasua konokono na kuchora viungo vyao vya ndani. Kutokana na maumbo hayo, na kutokana na kiwavi-maji mdogo wa ziwa hilo, Limnocnida tanganyicae, alidai katika kitabu chake cha 1903 kwamba Tanganyika ni mabaki ya bahari ya kale. Dai hilo halikudumu. Michoro, hata hivyo, ilibaki na manufaa, kwa kuwa anayechora alichokiona humwachia msomaji nafasi ya kukataa alichokifikiri.

Mchoro wa kibiolojia huchorwa kwa penseli iliyochongwa vizuri, kwa mstari mmoja usiokatika, bila kutia kivuli. Kwanza huchorwa ramani ya tishu kwa ukuzaji mdogo, ikionyesha mipaka ya tabaka tu. Kisha seli chache huchorwa kwa ukuzaji mkubwa. Uwiano huhitaji uangalifu zaidi kuliko uzuri. Kifaa kiitwacho kamera lusida, kilichosajiliwa na William Hyde Wollaston mwaka 1806, kilikuja kufungwa kwenye hadubini ili mchoraji aone kitu na karatasi kwa wakati mmoja. Ukuzaji wa mchoro hupatikana kwa kugawa urefu wa mchoro kwa urefu halisi wa kitu: kopepodi, yaani krasteshia mdogo wa majini, wa milimita 0.9 aliyechorwa kwa urefu wa milimita 90 amekuzwa mara 100. Wanafunzi wengi huandika badala yake zao la nguvu za lenzi mbili, nalo halihusiani na ukubwa wa kilichomo karatasini.

Upimaji hutumia rula ndogo iliyochorwa kwenye kioo ndani ya lenzi ya jicho. Rula hiyo haina thamani yoyote mpaka ilinganishwe na slaidi ya kipimo, ambayo kwa kawaida ina milimita moja iliyogawanywa mara 100, kila sehemu ikiwa mikromita 10. Ikiwa sehemu 100 za rula ya jicho zinalingana na sehemu 25 za slaidi, basi sehemu moja ya rula ni mikromita 2.5. Chembe nyekundu ya damu ya binadamu inayochukua sehemu tatu ina upana wa mikromita 7.5. Ulinganisho hufanywa upya kwa kila lenzi na kwa kila hadubini. Tishu iliyohifadhiwa kwa fomalini na kuzamishwa katika nta husinyaa, hivyo vipimo vya vipande vya ovari ya samaki, kwa mfano, haviwekwi pamoja na vile vya mayai mabichi.

Katika uhesabuji, njia rahisi kwa majani ni kupaka vanishi ya kucha isiyo na rangi, kuiacha ikauke, kuibandua kwa utepe wa gundi na kutazama alama ya uso wa jani iliyobaki juu yake. Stomata, yaani vitundu ambamo jani hupitishia hewa na mvuke, huonekana wazi. Kahawa aina ya arabika, zao kuu la biashara la Burundi, ina stomata upande wa chini tu. Maharage yana stomata pande zote mbili, nyingi zikiwa chini. Eneo la uwanja wa lenzi hupatikana kutokana na kipenyo chake: kipenyo cha milimita 0.45 hutoa karibu milimita 0.16 za mraba, na stomata 24 zilizohesabiwa humo ni sawa na 150 kwa milimita ya mraba.

Damu nayo ni tishu. Huhesabiwa katika chumba cha Neubauer, kioo chenye miraba ya kuhesabia seli, chenye kina cha milimita 0.1, na seli inayogusa mistari ya juu na kushoto huhesabiwa, ile inayogusa chini na kulia huachwa, ili isihesabiwe mara mbili. Katika tone nene la kupima malaria njia ni nyingine: vimelea huhesabiwa sambamba na chembe nyeupe 200, kisha hudhaniwa kuwa kila mikrolita ina chembe nyeupe 8,000. Vimelea 150 huwa basi 6,000 kwa mikrolita. Dhana hiyo ni ya kukubaliana tu, kwani wagonjwa hawana idadi moja ya chembe nyeupe.

Kwa viumbe wa Ziwa Tanganyika, mradi wa utafiti wa uvuvi ulioendeshwa na FAO, Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa, kwa fedha za Finland ulianza mwaka 1992, makao yake yakiwa Bujumbura, na ukachukua sampuli kwa utaratibu mmoja Bujumbura, Kigoma na Mpulungu. Bila utaratibu mmoja, planktoni, yaani viumbe wadogo wanaoelea majini, wa kaskazini wasingelinganishwa na wa kusini. Tuseme wavu wenye mdomo wa kipenyo cha sentimita 50 umevutwa wima kutoka mita 100. Maji yaliyochujwa ni takriban mita 19.6 za ujazo. Sampuli ikifikishwa mililita 200, na mililita moja ikatoa kopepodi 120, jumla ni 24,000, yaani karibu 1,220 kwa mita ya ujazo. Wavu ulioziba kwa mwani huchuja maji pungufu, na hesabu nzima huwa ndogo kuliko ukweli bila hadubini kuwa na kosa.

Kosa la bahati nasibu hupungua kadiri idadi iliyohesabiwa inavyoongezeka: viumbe 100 hubeba kosa la karibu asilimia 10, na 400 la asilimia 5. Kamera za kidijitali na programu kama ImageJ huharakisha kazi, lakini nazo huhitaji picha ya slaidi ya kipimo iliyopigwa kwa lenzi ileile.