Ramani ya Masimulizi: Mto Naskaupi na Njia za Wainnu, Labrador, 1903–1905

Aghalabu huchukuliwa kwamba ramani ya nyika huanza siku anapofika mpimaji. Historia ya Mto Naskaupi katika Labrador, kaskazini-mashariki mwa Kanada, yaonyesha vinginevyo.

Mwaka 1903 Leonidas Hubbard, mwandishi kutoka Marekani, aliingia huko kwa mtumbwi pamoja na Dillon Wallace na George Elson, chotara wa Kikree na Kiskoti. Walitegemea ramani ya A. P. Low wa Idara ya Jiolojia ya Kanada. Low alikuwa mpimaji hodari, lakini eneo la Grand Lake alilichora kwa masimulizi, si kwa kupima, na ramani ilionyesha mto mmoja tu unaoingia mwishoni mwa ziwa. Mito halisi ni kadhaa. Wasafiri waliupita mlango wa Naskaupi bila kuutambua, wakaupanda Mto Susan, wenye maji haba na mawe mengi. Mwezi Oktoba Hubbard alikufa njaa hemani mwake.

Kwa maoni yetu, udhaifu haukuwa katika masimulizi yenyewe. Kwa Wainnu, mto, ziwa na njia ya nchi kavu ambako mtumbwi hubebwa ili kukwepa maporomoko (Kiswahili hakina neno moja kwa njia hiyo) vilikuwa safari moja. Karatasi ilibakisha mto peke yake.

Mwaka 1905 mjane wake, Mina Benson Hubbard, alirejea akiwa na Elson, Job Chapies, Joseph Iserhoff na Gilbert Blake, mtegaji wanyama aliyekuwa miongoni mwa waliomwokoa Wallace. Waliondoka tarehe 27 Juni, wakafika Ghuba ya Ungava mwishoni mwa Agosti, baada ya maili 576. Mama huyo alipima latitudo kwa jua. Wenzake walizitafuta njia za kubebea mitumbwi. Ramani yake ilithibitisha kwamba Naskaupi na Northwest ni mto mmoja. Hata hivyo, maporomoko aliyapa majina kama Maid Marion, na majina mengi ya Kiinnu hayakuingia.

Hapo ndipo jambo hili linapowagusa washauri wa sera. Katika miaka ya 1970 Ziwa Michikamau lilimezwa na bwawa la umeme la Smallwood. Wainnu hawakushauriwa, njia, kambi na makaburi vilizama. Walipodai ardhi, wazee walichora njia zao kwa kumbukumbu juu ya ramani za serikali. Makubaliano ya fidia yalitiwa saini mwaka 2011.