Kalamu Kiunoni, Kichwa Mtini

Ashurbanipal aliitawala Ashuru kuanzia mwaka 669 hadi takriban 631 KK, na wengi wanaomwandika humgawa mara mbili. Yupo mfalme wa vita, ambaye majeshi yake yaliuteka Thebes huko Misri mwaka 663 KK, pigo lililovuma hata nabii Nahumu akalitumia kuionya Ninawi yenyewe. Majeshi hayo yalimkata kichwa Teumman, mfalme wa Elamu, yakauangusha Babeli mwaka 648 KK baada ya kuuzingira hadi watu wakafa njaa, kisha yakaupora mji wa Susa. Halafu yupo mfalme msomi, aliyejaza kasri zake za Ninawi vibao vya udongo vyenye hadithi, tiba, falaki na dua. Wa kwanza hulaumiwa, wa pili hupewa shukrani. Kwa maoni yangu mgawanyo huo hausimami, kwa sababu maktaba ile ilijazwa kwa mkono uleule uliopigana, na ilikuwepo ili kuusaidia mkono huo.

Tazama tarehe kwanza. Babeli, uliokuwa chini ya Shamash-shum-ukin, kaka yake Ashurbanipal mwenyewe aliyeasi, ulianguka mwaka 648 KK. Mwanzoni mwa mwaka 647 KK makarani wa Ninawi wanaandika daftari la maandishi yaliyoingia. Vipande vilivyobaki vya daftari hilo vinataja vibao vipatavyo 2,000 na mbao zilizopakwa nta zipatazo 300, vikionyesha ni kazi za fani gani na zimetoka kwa nani. Wenye mali ni waganga, makuhani na wapiga ramli. Mtu anaweza kusema huu ni ununuzi au zawadi, lakini miezi michache baada ya mji kutekwa, zawadi ni neno la kutiliwa shaka. Tena kuna karatasi ya kazi, tuiite hivyo ingawa ni udongo, inayoeleza hali ya wanakili. Ndani yake ametajwa Ninurta-gimilli, mtoto wa gavana wa Nippur: amemaliza kunakili mfululizo aliopewa, amefungwa pingu, yuko chini ya msimamizi fulani kasrini, na kwa sasa hana kazi. Karani ameyaandika hayo bila huruma wala hasira, jinsi mtunza ghala anavyohesabu magunia. Kijana wa ukoo mkubwa, msomi wa kutosha kuaminiwa maandishi ya mfalme, ananakili akiwa mateka.

Pingamizi la kwanza ni kwamba Ashurbanipal aliipenda elimu kwa dhati. Nalikubali. Alijigamba kuwa anasoma Kisumeri, lugha iliyokuwa imekufa zamani, na maandishi ya kabla ya Gharika. Katika picha za kuchonga za kuwinda simba, silaha anazo, na kiunoni amechomeka kalamu za kuandikia udongo. Wafalme wengi hawakujitangaza hivyo. Ila kupenda kitu hakutuambii kinatumika kwa kazi gani, na hapo vibao vyenyewe ndivyo vinavyojibu. Sehemu kubwa ya maktaba si mashairi. Ni elimu ya ishara: mwezi ukipatwa, mtoto akizaliwa na kasoro, ini la kondoo wa kafara likiwa na alama mahali fulani, maana yake nini kwa mfalme na kwa nchi. Kabla ya kupeleka jeshi au kumpa mtu cheo, mungu jua aliulizwa, na jibu lilisomwa ndani ya mnyama aliyechinjwa. Mfalme mwenye vitabu vyote vya ishara aliweza kuwakagua wataalamu wake mwenyewe, na adui asiye na vitabu hivyo alipigana gizani. Kwa fikra za zama zile, hiyo ilikuwa idara ya ujasusi.

Pingamizi la pili lina uzito zaidi. Zipo barua zinazosimulia kwamba mfalme aliagiza vibao kutoka Borsippa, na kwamba wasomi wa huko walitii kwa furaha. Basi labda hapakuwa na shuruti? Tatizo ni kwamba barua hizo zimetufikia kwa nakala zilizoandikwa Babeli baadaye sana, na huenda ni mazoezi ya shule za ukarani. Hata tukizipokea zilivyo, agizo lenyewe linasema vibao vitafutwe majumbani mwa watu na hekaluni, wala mtu asithubutu kuvizuia. Anayeombwa hivyo na mwenye jeshi hutabasamu na kufungua mlango.

Linabaki dai linalosikika zaidi kila anapotajwa: kwamba bila yeye tungeukosa utenzi wa Gilgamesh na mengine mengi. Ni kweli kwamba Layard na Rassam walipochimba Ninawi katikati ya karne ya 19 walipata hazina ambayo leo, pamoja na vipande vyake, inazidi vibao 30,000 katika Jumba la Makumbusho la Uingereza, na humo ndimo George Smith alimosoma habari ya Gharika mwaka 1872. Lakini hazina hiyo haikuhifadhiwa na mfalme. Mwaka 612 KK Wamedi na Wababeli waliichoma Ninawi. Moto ukaunguza udongo ukawa mgumu, na mbao za nta zikateketea. Wakati huohuo, kule kusini alikochukua vibao, makarani waliendelea. Walinakili Gilgamesh, wakapima mwendo wa sayari, wakaandika kwa mwandiko uleule wa kabari hadi karne ya kwanza BK, zaidi ya miaka 600 baada ya Ninawi kuwa magofu.