Ukusanyaji wa Vyombo na Zana za Kale: Salama na Nchi ya Ukambani

Ukusanyaji wa vyombo na zana za kale ni shughuli ya kutafuta, kutunza na kuandikia habari vitu vilivyoundwa zamani kwa kazi za kila siku, ambavyo kazi zake zimekwisha au zimepungua, si kwa makusudi ya faida ya haraka, bali kwa kupenda ufundi wake na kuchelea maarifa ya waliovitengeneza yasije yakapotea pamoja nao. Makala haya yanaieleza shughuli hiyo kwa mfano wa nchi iliyoizunguka Salama, mji mdogo wa soko katika kaunti ya Makueni, kando ya barabara kuu ya kutoka Nairobi kwenda Mombasa, mahali ambapo mali ya kale ya namna mbili hukutana: vyombo vya Wakamba wenyewe, na vifaa vilivyoletwa na reli na maduka.

Vyombo vya Kikamba

Katika vyombo vya wenyeji, kinachotafutwa zaidi ni kiti cha mzee, chenye miguu mitatu, kilichochongwa katika gogo moja na kupambwa usoni kwa waya wa shaba au wa chuma uliogongomewa ndani ya mti. Waya huo ni athari ya biashara ya misafara, kwa kuwa katika karne ya 19 Wakamba walipeleka pembe za ndovu pwani na kurudi na nguo, shanga na waya, na wahunzi wao wakapata sifa kwa mikufu myembamba waliyoifua kwa mivukuto ya ngozi, fuawe na koleo, zana ambazo leo ni adimu kuliko mikufu yenyewe.

Kadhalika hukusanywa vibuyu, viondo, upinde pamoja na podo na mishale yake, na mwatu, yaani mzinga wa nyuki wa gogo lililokombwa ndani na kutundikwa mtini. Juu ya mizinga na mishale wenyewe walitia alama za ukoo, ili asali isiibiwe na mnyama aliyepigwa ajulikane ni wa nani. Na alama hizo, zilizokuwa ithibati ya milki zamani hizo, sasa ndizo zinazomwonyesha mkusanyaji chombo kimetoka kwa watu gani. Ama mishale, yafaa ishikwe kwa hadhari, kwa maana sumu iliyopakwa penye ncha, iwapo haikupata unyevu, huweza kudumu na ukali wake kwa miaka mingi.

Vifaa vya reli na vya nyumbani

Reli ya Uganda, iliyoanza kujengwa Mombasa mwaka 1896, ikafika Nairobi mwaka 1899 na Kisumu mwaka 1901, ilipita katika nchi hii na kuacha stesheni kama Sultan Hamud, iliyopewa jina la Sultani Hamud bin Muhammad wa Unguja, na Kima, ambako mwezi wa Juni 1900 simba alimwua afisa wa polisi wa reli, Charles Ryall, ndani ya behewa alimokuwa akimvizia simba huyo. Behewa hilo limehifadhiwa katika Makumbusho ya Reli, Nairobi, yaliyofunguliwa mwaka 1971. Taa za mkono, filimbi na kengele za stesheni hupendwa na wakusanyaji. Lakini mataruma na vyuma vya njia ni mali ya umma, na mwenye kuving'oa ni mwizi.

Fauka ya hayo zipo zana za nyumbani na za karakana zilizoenea kwa njia ya maduka: pasi ya mkaa, kandili, karabai, cherehani ya Singer, gramafoni, mizani ya mawe, randa na keekee. Adui mkubwa wa vitu hivi ni biashara ya vyuma chakavu, inayonunua kwa uzani bila kujali ufundi, hata pasi ya babu na bati la jana huwa na bei moja kwa kilo. Serikali ya Kenya iliisimamisha biashara hiyo Januari 2022 kwa sababu ya kuharibiwa kwa nyaya na mitambo ya umma, kisha ikairuhusu tena mwaka huo huo.

Wakusanyaji mashuhuri

Gerhard Lindblom, mtaalamu wa Kiswidi aliyekaa Ukambani mwaka 1911 na 1912, alikusanya vyombo vingi vilivyopelekwa Stockholm, naye akaandika kitabu kikubwa juu ya Wakamba kilichoeleza jinsi vyombo vyao vilivyotengenezwa na kutumiwa. Kwa upande wa Wakenya, hapana aliyemshinda Joseph Murumbi, Makamu wa Rais mwaka 1966, ambaye mwaka 1972, pamoja na mkewe Sheila na Alan Donovan, alianzisha nyumba ya sanaa iitwayo African Heritage, na ambaye vitabu na sanaa zake sasa zimo katika Nyaraka za Taifa na katika jumba la Nairobi Gallery.

Sheria

Sheria ya Makumbusho na Urithi ya mwaka 2006 yahesabu kuwa kitu cha kale kila chombo kinachohamishika, kisichokuwa kitabu wala hati, kilichotengenezwa Kenya au kuingizwa nchini kabla ya mwaka 1895, na kukitoa nje ya nchi kwahitaji kibali. Kwa mpaka huo, kiti cha Kikamba cha zama za misafara kimo ndani ya hifadhi, na taa ya reli, iliyokuja baada yake, haimo, isipokuwa serikali ikiitangaza kuwa kitu cha kulindwa. Vitu vyenye pembe za ndovu vina masharti yao mbali, tangu biashara ya nyara za wanyama ilipokatazwa mwaka 1978.

Utunzaji na kumbukumbu

Mti hulindwa dhidi ya mchwa na jua, chuma hukaushwa na kupakwa mafuta mepesi, na ngozi huwekwa mahali penye hewa. Kung'arisha kupita kiasi ni hasara, kwani weusi wa moshi na ulaini wa mikono ni sehemu ya tarehe ya chombo, na wachongaji wa sasa, hasa wa Wamunyu ambako uchongaji wa biashara ulianza baada ya Vita Kuu ya Kwanza, wana ustadi wa kutosha kuunda kiti kipya kinachofanana na cha kale. Kwa sababu hiyo thamani ya mkusanyo haimo katika wingi wake, bali katika daftari lake: jina la chombo kwa Kikamba, kijiji kilikotoka, aliyekitumia, kazi yake na siku kilipopatikana. Habari hizo huulizwa siku ile ile ya kununua, maana muuzaji wa leo mara nyingi ni mjukuu wa mwenye chombo, na kikishapita mikono miwili mitatu katika barabara kuu, hakuna tena awezaye kueleza asili yake.