Msukumo Rejeshi wa Mtihani

Ukisimama upande wa Alunguli, mjini Kindu, kungoja kuvuka Lualaba, utaona chombo chenye mashine kikipita katikati ya mto, na baada ya kitambo mitumbwi iliyofungwa ukingoni inaanza kuyumba. Chombo kimekwenda zake. Maji yake ndiyo yanayofika. Watafiti wa mitihani ya lugha walichukua picha ya namna hiyo kutaja yale ambayo mtihani huyafanya darasani. Kwa Kiingereza wengine huyaita "backwash", wengine "washback", na maana ni moja: mtihani umewekwa mwisho wa safari, lakini nguvu yake inarudi nyuma hadi somo la kwanza.

Nguvu hiyo huijua kila mwalimu wa Kiingereza wa mkoa wetu wa Maniema. Ameandaa zoezi la kuzungumza, wanafunzi wawili wawili, mmoja muuzaji wa samaki, mwingine mnunuzi. Kabla hajamaliza kueleza, mkono unanyanyuliwa: "Mwalimu, hii inatokaka ku Exetat?" Jibu la kweli ni hapana.

Exetat, yaani mtihani wa taifa wa Kongo wa kumaliza sekondari ulioanzishwa 1967, hupima Kiingereza kwa items: mwanafunzi anasoma swali, anachagua jibu moja kati ya yaliyotolewa. Sikio halipimwi, mdomo haupimwi, wala hatakiwi kutunga sentensi yake mwenyewe. Kifaransa kina bahati tofauti. Kabla ya siku nne za mtihani wenyewe kuna insha ya Kifaransa na mtihani wa mdomo wa Kifaransa. Basi wanafunzi wale wale wa mwaka wa mwisho, kwenye madawati yale yale, saa moja wanafundishwa kupanga hoja na kujieleza, saa inayofuata wanafundishwa kutambua jibu. Wala si kwamba mwalimu wa Kiingereza ni mvivu. Diploma ya mtoto iko mashakani, mzazi amelipa karo, na asilimia ndiyo itakayoulizwa chuo kikuu. Mwalimu anayeacha items ili afundishe mazungumzo anacheza na mali ya watu.

Sasa jina la nguvu hiyo kwa Kiswahili. Wengi wangekimbilia "mrejesho", lakini neno hilo lina mwenyewe: mrejesho ni maelezo anayopewa mwanafunzi kuhusu kazi aliyokwisha kuifanya. "Athari ya mtihani" ni sahihi ila ni pana mno. Hofu, kukosa usingizi na hata wizi wa majibu ni athari za mtihani pia. "Msukumo wa nyuma" linapendeza, ila msikilizaji ataelewa kwamba mtu anasukumwa kutoka mgongoni, na hapa kinachosukuma kiko mbele. Mimi nashika "msukumo rejeshi". Neno msukumo linabeba nguvu, rejeshi linaonyesha upande inakoelekea, na mtu anaweza kusema msukumo rejeshi mwema au mbaya bila kuuvunja usemi.

Ubaya na wema huo haukuthibitishwa kwa urahisi. Mwaka 1993 watafiti Charles Alderson na Dianne Wall waliandika makala iliyouliza kama jambo lenyewe lipo kweli, kwa sababu kila mtu alilisema na wachache sana walikuwa wameingia madarasani kulitazama. Walidai dhana igawanywe: mtihani unaweza kubadili kinachofundishwa, au namna kinavyofundishwa, au kasi, au kina; wakaorodhesha nadharia tete 15 za kupimwa moja moja. Wao wenyewe walikuwa wamefuatilia mtihani mpya wa Kiingereza nchini Sri Lanka. Huko waliona kwamba mtihani ulibadili mada za masomo, lakini mbinu za walimu zilibaki karibu kama zilivyokuwa. Nalirudia tokeo hilo kila ninaposikia kwamba dawa ni kubadili mtihani tu.

Wenzetu wa Kenya walilishika jambo hili mapema zaidi. Katika miaka ya 1970 Anthony Somerset, akifanya kazi na watunga mitihani wa huko, alishikilia kwamba ikiwa walimu wataufuata mtihani kwa vyovyote, basi utungwe mtihani ambao kuufuata ni kufundisha vizuri. Shule zilipelekewa jarida lililoeleza maswali yaliyowashinda watoto na sababu zake. Kisha KCPE, mtihani wa kumaliza shule ya msingi, ilipochukua nafasi ya CPE mwaka 1985, insha iliingia kwa Kiingereza na kwa Kiswahili. Hapa tofauti ya maneno yetu inaonekana wazi: jarida lilikuwa mrejesho, kalamu zilizoanza kuandika insha darasani zilikuwa msukumo rejeshi.

Kongo iliingia Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022, na kijana wa Kindu atakayekwenda Arusha au Kampala atahitaji kuongea Kiingereza. Dakika tano za mtihani wa mdomo wa Kiingereza, mfano wa ule wa Kifaransa, zingebadili jibu la yule aliyenyanyua mkono. Muuzaji na mnunuzi wa samaki wangeingia kwenye ratiba. Ila, kama Sri Lanka ilivyoonyesha, mtihani peke yake hautatosha: jinsi ya kuwasimamia wanafunzi hamsini wakiongea kwa wakati mmoja, hilo litabaki kazi ya ISP ya Kindu, pale walimu wanapofundwa.